Mashuka Meupe Chini ya Mzambarau

Doa la damu linataka maji baridi na subira. Doa la mafuta unalipaka sabuni ya kipande, unaliacha lilale, asubuhi unaliamsha kwa brashi. Doa la rangi ya mdomo kwenye shati la mume wa mtu linatoka upesi na bila maswali, kwa sababu dobi mwenye akili huwa anafunga mdomo kabla hajafungua bomba. Lakini doa la zambarau iliyopitia kwanza tumboni mwa ndege halina dawa. Unaweza kulisugua mpaka kitambaa kigeuke wavu, nalo likabaki pale pale linakutazama.

Haya aliyajua Kola, dobi wa mtaa, na aliyajua kwa machungu. Jina lake la cheti lilishasahaulika. Watu walimwita Kola kwa vile hapakuwa na mkono mwingine ulionyoosha kola ya shati kama wake. Kola iliyopita chini ya pasi yake ungeweza kukatia nyanya. Kazi alifundishwa na mjomba wake, baada ya kuacha shule kidato cha pili, na shule aliiacha baada ya somo la Baiolojia kumwacha yeye kwanza. Alipata tisa kwa mia. Waliouona mtihani ule walisema tano kati ya hizo zilikuwa za mwandiko.

Mwalimu aliyempa hizo tisa ndiye, kwa mipango ya Mungu ambaye naye ana utani wake, aliyekuja kuwa mama mkwe wake. Kola alimpenda binti aliyekuwa akileta sare za wauguzi kufuliwa. Hakuuliza mama ni nani. Alipouliza, moyo ulikuwa umeshalowa, na nguo iliyolowa huirudishi kabatini.

Mwalimu alipostaafu alikuja kwa binti yake kwa wiki mbili, kupimwa macho. Huu ulikuwa mwaka wa tatu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wahenga hawakumjua Mwalimu. Jembe alilichukua mwenyewe siku ya pili, akaanza kuzunguka nalo nyuma ya nyumba akiwa na sura ya mtu anayetafuta kitu alichokipoteza utotoni.

Kabla mwaka haujaisha alikuwa na kikundi. Kilikuwa na watu kumi na mmoja, karibu wote wastaafu, watu wenye muda mwingi na magoti mabovu. Kiliitwa Kikundi cha Mimea ya Kwetu. Kazi yake ilikuwa kutafuta mbegu za miti ya asili, ile iliyokuwa ikiota hapa kabla watu hawajaanza kupanda maua ya kununua, kuiotesha kwenye makopo, na kuirudisha mitaani ili ndege na vipepeo warudi nayo. Kazi njema, hakuna aliyebisha. Kasoro yake ilikuwa moja tu: ilihitaji ua wa mtu.

"Tunataka ua wa mfano," Mwalimu aliwaambia jioni moja sebuleni. "Watu waje waone kwa macho. Nani anatoa?"

"Mimi ningetoa kwa moyo mweupe," alisema jirani wa kushoto, "ila juzi tu nimetandika vigae."

"Mimi nina mbwa," alisema mwingine.

"Mimi nina wapangaji," alisema wa tatu, "na mpangaji anachimba kuliko mbwa."

Ndipo Kola akaingia na sinia la chai, maana siku hiyo mkewe alikuwa zamu hospitali. Vikombe kumi na viwili, birika, bakuli la sukari, na mlango aliufungua kwa kisigino. Mwalimu akamgeukia.

"Baba, ua wako una mzambarau mkubwa tayari, tena wa asili. Tukiutumia huo, kuna ubaya?"

Hebu fikiria. Macho ya watu kumi na mmoja. Sinia zito. Mama wa mke wako, mbele ya watu, anakuita baba. Mtu wa kusema "ndiyo, ubaya upo" katika hali hiyo hajazaliwa, na akizaliwa hataolewa wala hataoa.

"Hakuna ubaya, Mama," alisema Kola.

Makofi yakalipuka. Katibu wa kikundi, karani mstaafu wa mahakama aliyeandika mambo hata yasiyoandikika, akachukua kalamu: *Mwenye ua ameridhia kwa furaha kubwa.* Hiyo furaha aliiona wapi, anajua mwenyewe.

Sasa ujue ule ua ulikuwa nini kwa Kola. Ulikuwa karakana yake. Kamba sita zilitoka kwenye misumari ya ukuta mpaka kwenye shina la mzambarau, na kwa miaka ishirini dobi na mti walikuwa wakiishi kwa kuvumiliana. Kila alfajiri aliufagilia. Zambarau zilipoiva, watoto wa mtaa walipanda wakazimaliza kabla ndege hawajanawa, na zile wiki chache za mwanzo Kola alihamishia kamba upande wa pili wa ua. Mambo yalikwenda.

Kikundi kikaja na ubao wa rangi ya kijani, kikaupigilia langoni: MAKAZI YA VIUMBE. Toka siku hiyo majani hayafagiliwi, kwa sababu chini yake wamelala wadudu wenye shughuli zao. Maji ya sabuni hayamwagwi, yanabebwa kwa ndoo mpaka mtaroni barabarani. Upande wa pili wa ua ukapandwa vichaka vya asili, vinene, vyenye miiba, visivyotaka hata kuangaliwa vibaya. Karai lake zuri, lile la bati zito alilorithi kwa mjomba, likatiwa maji na kuwekwa juu ya matofali ili ndege waoge. Na watoto wakakatazwa kuchuma zambarau. Zambarau sasa zilikuwa za ndege.

Ndege wakapata habari. Nani aliwapelekea, hatujui. Pengine Katibu aliwaandikia barua.

Zambarau zilipoiva mwaka ule, walikuja wa kila aina, wakala mpaka wakawa wanaruka upande upande, na kila walichokila walikirudisha chini kwa ukarimu. Chini palikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni.

Kati ya mafurushi kumi aliyofua Kola, saba yalitoka kwenye nyumba hiyo ya wageni ya ghorofa tatu, karibu na kituo cha mabasi. Ukiiondoa, Kola alikuwa mtu mwenye pasi tu. Kwa hiyo siku Meneja alipomwita ofisini na kulikunjua shuka mezani, kama hakimu anayefunua kielelezo, Kola alinyoosha mkono ili alikunje tena upesi.

"Kola, hii ni nini?"

"Ni ndege, bosi."

"Ndege? Mgeni wa chumba namba nane ameniuliza kama humu ndani kuna mtu alichinjwa."

"Nitalifua tena, bosi."

"Hili umelifua mara tatu. Sasa nisikilize. Jumatatu nina semina. Meza ishirini na nne, vitambaa vyeupe, watu wakubwa. Nikiona nukta moja, hata kama yai la chawa, kazi yote naipeleka kwa wale wa mashine."

Wale wa mashine walikuwa wamefungua duka ng'ambo ya barabara, lenye dirisha la kioo, na watu walisimama nje kutazama suruali za wenzao zikizunguka.

"Semina ya nini, bosi?" Kola aliuliza, ili aonekane mtu anayejali.

"Ya kulinda ndege."

 

Kola alianza kupigana vita yake kimya kimya. Alisimamisha sanamu chini ya mti, akaivika koti ambalo mwenyewe hakurudi kulichukua toka miaka mitano iliyopita. Ndege walilitulia mabegani, wakapumzika, wakaliongezea vifungo. Jioni ile ile Katibu alifika na barua ya karipio, akamsomea langoni kwa sauti: "*Imeonekana katika makazi sanamu yenye nia ya kutisha viumbe.* Weka sahihi hapa, hapa na hapa."

"Lakini Katibu, huu si ua wangu?"

"Ndiyo maana barua imekuja kwako."

Alikwenda kwa jirani wa kushoto kuomba kuanika huko siku mbili tu. "Karibu wakati wowote, ndugu yangu," alisema jirani kwa upendo mkubwa, "ila maji yakidondoka kwenye vigae, wewe ndiye utakayevunjika kiuno, na mimi nitajisikia vibaya." Mwenye mbwa alimkaribisha pia. Mbwa hakumkaribisha.

Usiku... hapana, hata usiku hakungoja. Alimvamia mkewe jikoni mchana kweupe.

"Mama watoto, mwambie mama yako."

"Nimwambie nini? Si wewe uliyesema hakuna ubaya?"

"Nilikuwa nimeshika sinia!"

"Sinia lilikushika ulimi?"

"Wewe ni mwanaye. Ukisema wewe ni maongezi. Nikisema mimi ni kesi."

"Mimi nimeishi na yule mama miaka ishirini na mbili kabla yako," alisema mkewe akimenya vitunguu, "na sijawahi kumwambia hapana nikiwa nimesimama. Ukipata njia, nifundishe."

Jumapili ikafika. Vitambaa ishirini na vinne vilikuwa vimefuliwa, vimesuuzwa mara mbili, vimetiwa wanga, vyeupe kama dhamiri ya mtoto mchanga. Nje jua liliwaka kwa kejeli. Juu ya mzambarau ndege walikuwa wamejipanga kama wazee wa baraza, wanangoja ajenda.

Kola akavianika ndani.

Alifunga kamba toka nondo za dirisha mpaka bawaba za mlango, toka kabati mpaka msumari wa kalenda, toka jikoni mpaka chumbani, zikakatizana sebuleni. Nyumba ikawa haina tena vyumba, ina pazia baada ya pazia. Watoto walipita kwa kutambaa. Mkewe alikaanga vitunguu akiwa amefunikwa kichwa kama bibi harusi. Na Kola akasimama katikati na pasi yake, anangoja kitambaa cha kwanza kikauke nusu, akiona kila upande weupe uliolowa unamkaribia usoni kila upepo ulipoingia. Alikuwa ndani ya nyumba yake, na hakuuona mlango.

"Nani huyo?" sauti ya Mwalimu ilitoka nyuma ya kitambaa.

"Ni mimi, Mama."

"Mbona umeleta nguo ndani? Nje jua linakwenda bure."

Kola aliangalia. Chini ya kitambaa alimwona Mwalimu kuanzia vifundoni kushuka. Miguu miwili kwenye kandambili za bluu, kidole kikubwa kimetoka nje kidogo. Ilikuwa miguu ya mtu yeyote. Miguu haina miwani, haina kalamu nyekundu. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Kola alizungumza na mama mkwe wake bila kumwona uso, na ulimi ukagundua kwamba haukuwa umefungwa.

"Nje kuna ndege, Mama."

"Najua. Jumamosi tumehesabu aina kumi na saba."

"Aina zote kumi na saba zimekunya kwenye mashuka yangu."

Jikoni redio ilizimwa. Vitunguu vilichachatika peke yao.

Basi akasema. Alisema habari za Meneja na wale wa mashine, za karai la mjomba, za ndoo za maji ya sabuni anazobeba mpaka bega limeshuka upande mmoja, za barua yenye sahihi tatu. Alisema bila kupanga, kama mtu anayetoa nguo kwenye kapu, soksi na shati na soksi. Alipomaliza, jasho lilimtiririka kuliko siku ya kupiga pasi makoti.

"Mbona siku ile hukusema?" Mwalimu aliuliza, kwa upole uliomtisha.

"Ningesemaje, Mama? Wewe ni mama wa mke wangu. Halafu ulinipa tisa kwa mia."

"Kumbe wewe ndiye uliyechora figo lenye miguu!"

"Ndiye."

"Nilicheka wiki nzima." Kandambili moja ilisogea. "Basi na mimi nikwambie, maana na mimi sikuoni. Siku ya kumi na nne nilifunga sanduku. Nilikuwa nakwenda zangu. Mkasimama mlangoni wewe na mwenzio: kaa Mama, unakimbilia wapi Mama, nyumba itapwaya Mama. Nikaona nikisema nataka kwenda, mtadhani mmenikosea. Nikalifungua."

"Mama... sisi tulikuwa tunasema kwa heshima tu."

"Na mimi nilikaa kwa heshima tu."

Kutoka jikoni ilisikika sauti ya mtu anayekohoa kwa kusudi la kuficha kicheko.

"Nikabaki kwenye nyumba," Mwalimu aliendelea, "ambayo mkwe ananiamkia asubuhi kisha anakimbia kama nimemwambia atoe kazi ya nyumbani. Nifanye nini? Nikaanzisha kikundi."

"Kwa hiyo sasa, Mama, si ungeweza..." Kola aliuma ulimi, lakini swali lilishatoa kichwa.

"Niende? Niende wapi, baba? Mimi ni mwenyekiti. Makazi yamesajiliwa kwa jina langu, miaka mitano."

"Mitano!"

"Katibu alitaka kumi."

 Kitambaa kilipumua kati yao. Halafu Mwalimu akasema, kwa sauti ndogo isiyo ya darasani, "Lakini yule mdogo, mwenye kifua cha njano, umemwona? Mimi mara ya mwisho kumwona nilikuwa na meno ya utoto. Nilidhani wamekwisha."

Kola alikuwa amemwona. Alimwona asubuhi moja kwenye karai, anaoga, anajikung'uta, anaoga tena, na yeye Kola alisimama na shuka lililolowa mikononi, linamchuruzikia viatuni, akingoja yule ndege amalize. Hakumwambia mtu. Dobi anayewangoja ndege wamalize kuoga hana haki ya kuwalalamikia.

"Nimemwona, Mama," alisema.

"Kesho nakwenda na wewe kwa huyo meneja wako."

Jumatatu asubuhi vitambaa vilifika vikiwa vimenyooka, vimekunjwa kwa pembe, bila nukta hata moja. Meneja alifungua cha kwanza akakiinua mbele ya dirisha. Akafungua cha pili. Uso ulianza kulegea. Kisha pua ikafanya kazi yake.

"Kola. Hivi mmevifua au mmevikaanga?"

"Bosi..."

"Kinanuka kitunguu! Watu wakubwa watakaa hapa saa tatu nzima kujadili ndege huku wanasikia njaa?" Akachukua simu. "Nilikwambia. Napiga kwa wale wa mashine, waje wachukue hivi na vingine vyote."

"Weka simu chini."

Mwalimu alikuwa amechelewa mlangoni, akimsahihisha mlinzi namna ya kuandika tarehe. Meneja, mtu wa miaka arobaini na saba mwenye kitambi cha heshima, alisimama. Mikono ilikwenda nyuma yenyewe.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Bado unachungulia daftari la jirani?"

"Hapana, Mwalimu. Niliacha."

"Vizuri. Paa la jengo hili lina nini?"

"Matangi ya maji, Mwalimu."

"Na nafasi?"

"Nafasi ipo, lakini..."

"Hiyo lakini ni jibu au ni kikohozi?"

"Nafasi ipo, Mwalimu."

Ikawa hivyo. Vitambaa vilipandishwa paani, ambako hakuna mti wala jani, upepo ukavipiga nusu saa, harufu ikaondoka. Semina ilianza kwa kuchelewa kidogo tu, jambo lililowafanya wageni wajisikie nyumbani. Na ikaamuliwa kwamba toka siku hiyo Kola ataanika huko juu. Kazi yake ilibaki yake. Alitaka kuruka kwa furaha, ila Mwalimu alikuwa bado hajatoka. Alikuwa amesimama dirishani, anatazama bustani ya nyumba ya wageni, yale majani mafupi ya kigeni yanayomwagiliwa kutwa mara tatu.

"Nyasi hizi zinakunywa kuliko wageni wako," alisema. "Ardhi nzuri namna hii. Ungekuwa na vichaka vya kwetu hapo, na mti mmoja wa matunda pale kati, watu wangekuja kujifunza. Unaonaje, mwanangu?"

Meneja alimgeukia Kola. Yalikuwa macho ya mtu anayezama anayemwomba kamba mtu aliye ufukoni. Kola aliangalia viatu vyake kwa makini, akagundua kwamba kimoja kinahitaji kiraka.

"Itakuwa heshima kubwa kwetu, Mwalimu," alisema Meneja, na Katibu, ambaye hakuna aliyemwona akiingia, alikuwa ameshaanza kuandika.

Siku hizi Kola anafulia nyumbani, anabeba furushi lililolowa begani mpaka kwenye nyumba ya wageni, na kulipandisha ngazi sitini na nne. Mabega yamelingana sasa. Yote mawili yameshuka. Lakini juu kule kuna upepo, kuna kamba nane, na mashuka yanakauka meupe. Ndege hawapiti. Hawana cha kufuata. Wiki ya kwanza alidiriki hata kuimba.

Jana alikuwa anaanika shuka la mwisho aliposikia anaitwa. Akachungulia ukingoni. Chini, Mwalimu alikuwa anapima bustani kwa hatua, Meneja nyuma yake na makopo mawili ya miche mikononi, tai yake imetupiwa begani isiingie udongo.

"Baba!" Mwalimu alimpigia kelele, mkono juu ya macho kukinga jua. "Hapo juu panaingia makopo mangapi?"

Moyo wa Kola ulishuka ngazi zote sitini na nne kwa mara moja.

"Mama, huku jua ni kali! Hakuna kitakachoota!"

"Jua kali ndilo inalolitaka mimea ya kwetu!"

"Maji hakuna, Mama!"

"Si umesema mwenyewe mashuka yanachuruzika?"

Hilo hakulisema yeye. Pengine alilisema mkewe, pengine Katibu aliliandika. Kola alirudi nyuma, akazunguka lile paa. Tangi, tangi, ukuta mfupi, barabara kule chini, wale wa mashine na dirisha lao. Alikwenda upande wa nyuma, akatazama. Ghorofa tatu, hakuna hata bomba la kushikilia. Paa lile lilikuwa na ngazi moja tu ya kushukia, na humo ngazini, polepole, kwa magoti mabovu lakini bila kusimama, hatua za Mwalimu zilikuwa zimeshaanza kusikika.